Kabla ya Twiga, Jongoo

Watoto wa Mombasa wanaopelekwa Haller Park siku ya mapumziko huwa na haraka ya kufika kwa twiga. Wanagawiwa punje za chakula, shingo inashuka polepole, kisha ulimi mrefu mweusi unafagia kiganja chote, punje na jasho pamoja. Mwingine hucheka, mwingine hujificha nyuma ya mama yake. Wachache hutazama chini. Ilhali historia ya bustani hii imelala chini, kwenye mboji wanayoikanyaga, na twiga ni mgeni wa juzi tu.

Mahali hapa palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa papo hapo: mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu baada ya bahari kujivuta. Mwamba ulipasuliwa, ukasagwa, ukachomwa. Miaka isiyofika 20 baadaye lilibaki jangwa jeupe lisilo na udongo, jua likipiga kwenye chokaa na kurudi machoni, na maji ya chumvichumvi yakiwa karibu kabisa na sakafu ya shimo.

Mswisi René Haller, mtaalamu wa kilimo, aliajiriwa na kampuni hiyo mwaka 1959 kuangalia bustani zake. Mwaka 1971 alianza kazi ambayo wengi wasingeigusa: kuotesha miti shimoni. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilizobaki hai zilikuwa tatu: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia, na mvinje.

Mvinje hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa pwani. Ni mti wa ufukweni usioogopa chumvi, na hutoa nguzo zilizonyooka za kujengea. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hujilisha pale ambapo mti mwingine ungekauka. Machimboni mivinje iliota na kurefuka mita mbili na zaidi kwa mwaka. Kivuli kikapatikana.

Udongo haukupatikana. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalidondoka na kurundikana bila kuoza, kwa sababu yana tanini nyingi na shimo halikuwa na wadudu wa kuyavunjavunja. Msitu ulikuwa umesimama juu ya takataka zake wenyewe.

Hapo ndipo jongoo alipoingia. Ni yule mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje. Haller aligundua kwamba jongoo huyo anayala majani ya mvinje, tena makavu. Wakakusanywa mamia kwa mamia, wakamwagwa shimoni. Walikula, wakanya, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria. Mboji ya kwanza ya Bamburi ilitoka tumboni mwao. Juu ya mboji hiyo ndipo miti ya aina nyingine ilipopata pa kushika mizizi.

Wanyama wakubwa walifuata, na si wote walioletwa kwa ajili ya kutazamwa. Palichimbwa mabwawa ya perege, mamba wakafugwa, pofu na choroa wakajaribiwa kama mifugo ya nyama. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1984. Mwaka 1987 Haller alipata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, na baadaye bustani ikapewa jina lake.

Aliyeiletea bustani sifa za ulimwengu, hata hivyo, ni kiboko yatima. Mwezi Desemba 2004 mvua kubwa ziliwasukuma viboko wa mto Sabaki hadi baharini, na baada ya tsunami ya tarehe 26 ndama mmoja alionekana amekwama kwenye mwamba mbele ya Malindi. Watu wa mji walimhangaikia kwa mashua na nyavu. Aliyefaulu kumwangusha na kumshika aliitwa Owen, na ndama akapewa jina hilo. Alipofikishwa Haller Park alikimbilia moja kwa moja nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mzee alifoka na kujiondokea. Owen akamfuata. Baada ya siku chache wakawa wanalala bega kwa bega, na picha zao zilizopigwa na Peter Greste zikazunguka dunia. Kitabu cha watoto kikaandikwa, Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa bustani, akiwa mmoja wa waandishi. Owen alipozidi ukubwa alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo, maana mapenzi ya kiboko aliyekomaa yangeweza kulivunja gamba la kobe.

Uchimbaji wenyewe haukukoma. Mashimo mengine ya Bamburi yalipandwa kwa utaratibu uleule, mvinje kwanza, na sehemu moja ikafanywa njia za matembezi na baiskeli. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilinunua hisa nyingi za Bamburi Cement, zikiwemo za Holcim ya Uswisi, na pamoja na matanuru ikapata machimbo yanayoendelea kudai miche.