Reli Iliyong'olewa: Kutoka Manyoni hadi Kinyangiri

Asimamaye leo Misigiri, kwenye njia panda ya kwenda Kiomboi, huyaona malori yakipita usiku na mchana baina ya Singida na Nzega. Kijana wa shule, akiitazama lami hiyo, huweza kudhani kwamba nchi ya Iramba haikupata kuijua njia nyingine iliyo kubwa. Kumbe katika miaka ya 1930 na 1940 gari moshi lilikuwa likifika Kinyangiri, upande wa mashariki, katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Yatupasa tujiulize reli hiyo ilikwenda wapi.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipita Manyoni, ikaiacha Singida na Iramba kaskazini yake. Hata hivyo, mali ya Iramba ilikwisha kujulikana. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita, waligonga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Kazi hiyo ilifanyika katika karakana ya reli. Hivyo dhahabu ya Iramba iliingia karakana ya reli kabla reli yenyewe haijaingia Iramba.

Waingereza waliporithi nchi, waliifikisha reli Mwanza mwaka 1928. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakajenga tawi la kutoka Manyoni, kupitia Singida, hadi Kinyangiri, mwendo wa kilometa 150 hivi. Shabaha ilikuwa kusafirisha mazao na mifugo ya Wanyaturu na Wanyiramba. Lakini tawi hilo lilizaliwa wakati mbaya. Mdodoro wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeshusha bei za mazao duniani kote, na mkulima aliyedaiwa kodi ya fedha taslimu alipata kidogo kwa jasho lake. Mizigo haikutosha kulipa gharama. Katika daftari la serikali ya kikoloni, tawi likaandikwa kuwa ni hasara.

Mwaka 1947 tawi lilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Wakati huo Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, ilikuwa imeanzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matumaini ya kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kusini kulihitajiwa reli ya kuunganisha mashamba na bandari, na vyuma vya tawi letu vikapelekwa huko. Mpango wenyewe ukaachwa Januari 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Matrekta yalishindwa na visiki na udongo mgumu, na mvua haikufuata hesabu za wataalamu.

Hapa ndipo penye funzo. Mkulima wa Singida alijua kulima karanga kwa jembe la mkono, akaijua mvua yake na udongo wake. Aling'olewa reli ili ihudumie karanga zilizopangwa London, na hakuna aliyemwuliza, wala wakati wa kuijenga wala wakati wa kuing'oa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na njia, akaondoka nayo.

Lakini tusiishie kumlaumu mkoloni. Reli ya Kusini nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, tukiwa tumekwisha kujitawala, kwa sababu ile ile ya hasara. Reli ilirudi Singida mwanzoni mwa miaka ya 1990, ila ilikomea mjini. Kinyangiri haikufika tena. Basi swali la nani huamua njia ipite wapi, na kwa hesabu ya nani, ni swali letu pia. Daftari la mapato huonyesha mizigo iliyobebwa. Halionyeshi mgonjwa aliyewahi hospitali wala mtoto aliyekwenda shule.

Tunawasihi walimu na wanafunzi wa Iramba, Mkalama, Singida na Manyoni wasiiache habari hii ipotee. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi reli ilipong'olewa sasa anakaribia tisini au amekwisha kuipita. Waulizeni wazee: njia ilipita wapi, nani walibeba mataruma, walilipwa nini, na siku gari la mwisho lilipoondoka watu walisema nini. Yaandikeni majibu yao kwa majina ya mahali na kwa miaka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na reli hii, iliyokwisha kupotea mara moja kwa vyuma vyake, isipotee mara ya pili kwa habari zake.