Vipimo vya meridiani: Karatasi ya nguzo 24 inasema nini?

Katika baadhi ya kliniki za tiba asilia za Asia Mashariki, mgonjwa hupimwa kwa kifaa cha umeme kisha hukabidhiwa karatasi yenye nguzo 24, zilizoandikwa majina kama mapafu, moyo, ini na figo. Anayeona nguzo ya figo ikiwa fupi huweza kudhani kwamba figo zake ni mbovu. Kipimo hicho hakisemi hivyo.

Njia 12 za nguvu ya uhai

Tiba asilia ya Kichina hufundisha kwamba nguvu ya uhai, iitwayo chi, huzunguka mwilini kupitia njia kuu 12 zinazojulikana kama meridiani. Njia hizo zimeelezwa katika Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba cha China. Kila njia ipo upande wa kulia na wa kushoto, hivyo vipimo huwa 24.

Jina la njia halimaanishi kiungo chenyewe kama kinavyoeleweka hospitalini. Mojawapo huitwa njia ya sehemu tatu za joto, na hakuna kiungo kimoja mwilini kinacholingana nayo.

Kwa desturi, tabibu hutambua hali ya chi kwa kushika mapigo ya mshipa kwenye kifundo cha mkono, kutazama ulimi na kumhoji mgonjwa. Mashine zilikuja baadaye sana.

Chimbuko la kipimo cha umeme

Mwaka 1950, daktari wa Japani, Yoshio Nakatani, alieleza kwamba kwa mgonjwa wa figo alikuta vituo vya ngozi vinavyopitisha umeme kwa urahisi zaidi, vikiwa vimepangika karibu sawa na njia ya figo ya Wachina. Mfumo wake aliuita Ryodoraku. Katika miaka ya 1950, daktari wa Ujerumani, Reinhold Voll, naye alibuni mfumo wake wa kupima vituo kama hivyo.

Katika Ryodoraku, kifaa cha volti 12 huguswa kwenye vituo sita vya kila mkono na sita vya kila mguu. Kinachopimwa ni kiasi cha umeme unaopita kwenye ngozi.

Namna ya kuisoma karatasi

Kwanza hutafutwa wastani wa vipimo vyote, na kuuzunguka huwekwa eneo linalohesabiwa kuwa la kawaida. Nguzo iliyopita juu ya eneo hilo hufasiriwa kuwa ziada, na iliyo chini yake kuwa upungufu. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto huitwa kukosa uwiano. Kwa hiyo kila nguzo hulinganishwa na nyingine za mtu yuleyule. Tabibu hutumia picha hiyo kuchagua vituo vya kuchoma sindano.

Mipaka yake

Upitishaji umeme wa ngozi hubadilika kwa jasho, wasiwasi, joto la chumba, ukavu wa ngozi na nguvu ya mkono unaobonyeza kifaa. Mtu mmoja akipimwa mara mbili siku hiyohiyo huweza kupata picha mbili tofauti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Bioelectromagnetics yalihitimisha kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kuwa vituo na njia hizo zina sifa za pekee za umeme.

Hivyo nguzo fupi ya figo haithibitishi ugonjwa wa figo, na nguzo ya kawaida haimhakikishii mtu kuwa yu mzima. Afya ya figo hupimwa kwa damu na mkojo, nayo sukari hupimwa kwa damu. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amweleze tabibu kabla ya kupimwa. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache wala kupunguza kipimo chake kwa sababu ya karatasi hiyo, bali aipeleke kwa daktari wake na kumweleza dalili anazozihisi.