Jicho Lisilo na Anwani

Mwaka 1991, watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliielekezea kamera mashine yao ya kahawa. Walikuwa wamechoka kutembea hadi nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room na kukuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaandika programu ya kuwaonyesha wenzao picha ya birika. Mwaka 1993 picha ikaingia kwenye wavuti, na watu wa dunia nzima wakaitazama mpaka kamera ilipozimwa Agosti 2001.

Mimi ninayesoma historia navutiwa na jambo moja: kompyuta iliyotoa picha ile ilikuwa na anwani yake. Ukiipigia hodi, inaitika. Kamera tunazofunga sebuleni leo nyingi haziwezi kupigiwa hodi.

Mfumo wa zamani wa intaneti una anwani takribani bilioni 4.3 tu. Wahandisi walipoona zitakwisha, Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walipendekeza vifaa vingi vitumie anwani moja ya umma, na kifaa cha mlangoni kikumbuke nani ameomba nini. Wenyewe waliita suluhisho la muda mfupi. Ni kama sanduku la posta la shule lililopokea barua za mtaa mzima: barua isiyotaja jina la mwanafunzi ilibaki sandukuni. Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya anwani yaligawiwa. Mwaka 2012 likatengwa fungu la anwani za ndani kwa ajili ya makampuni ya mtandao, ili wateja wengi wakae nyuma ya anwani moja ya kampuni. Hata ukifungua mlango wa nyumba yako, bado kuna geti la nje, na funguo zake si zako.

Kwa kuwa haifikiki, kamera hutoka yenyewe. Huipigia seva ya kampuni fulani na kuacha laini wazi. Simu yako nayo huipigia seva hiyohiyo. Seva huwakutanisha, au hubeba picha yenyewe.

Bibi yangu alipoanguka bafuni, wajomba walimfungia kamera sebuleni. Nilipomweleza njia ya picha, aliuliza, "Na huyo wa katikati, mjukuu wangu, naye ananiona?"

Jibu linategemea. Picha ikifungwa kwa ufunguo ulio kwenye kamera na simu pekee, wa katikati anapitisha bahasha iliyofungwa. Isipofungwa hivyo, anaweza kuifungua. Hata hivyo, kufichika kuna kinga yake: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vilivyofikika moja kwa moja kutoka nje vikiwa na nywila za kiwandani.

Mfumo mpya wenye anwani za kutosha kila kifaa ulichapishwa tangu 1995. Madalali wa katikati bado wapo, kwa sababu biashara imeshajengwa juu ya upungufu ule.

Bibi alikubali kuonwa na wajukuu. Huyo mwingine hakuombwa ruhusa yake. Kwa hiyo akitaka kuswali au kujinyoosha, huifunika kamera kwa kipande cha khanga. Akimaliza, huifunua, nasi tunajua mzima.