Kutoka Kaburini hadi Kengeleni
Ukifika Nyali, Mombasa, usikimbilie ufuo tu. Anzia kwenye kaburi la Rosina Krapf. Alifariki Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye akamfuata. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa hoi kwa homa. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Akaendelea. (Mimi, kusema kweli, ningetafuta jahazi la kurudi kwetu.)

Sasa tembea, si mbali, hadi kanisa la Emmanuel, Frere Town, makao yaliyoanzishwa 1875 kwa watumwa waliookolewa. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali jina la Kengeleni. Walitoka makabila mengi, mbali na kwao. Wakamwomba Mungu kwa Kiswahili.

Nenda asubuhi, jua halijawa kali.