Nahodha Hurithiwa na Mpwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bahari katika ukoo wetu ilianza na baba. Mzee aliyemzaa alikuwa mkwezi wa minazi huku Likoni, na kila alipovuka kwenda Mombasa alisimama katikati kabisa ya feri, mbali na ukingo, kofia ameikamata kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo humzaaje nahodha?

Baba aliposhika njia ya haki nilifungua sanduku lake, nia yangu ikiwa kuwaandikia wanangu daftari la ukoo. Chini ya vyeti vyake nikakuta kipande cha mtu nisiyemjua. Vijana wa leo kipande hawakijui. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kukibeba: alama za vidole, kabila, mwajiri, mshahara, vyote ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Mwenye hiki alikuwa Mdigo, kibarua wa matishari Kilindini. Pamoja nacho palikuwa na karatasi ya miaka ya baadaye, ya kazi ya feri: jina la kwanza lile lile, la pili tofauti. Nikapoteza mwezi mzima nikiwatafuta watu wawili, mmoja wa matishari, mmoja wa feri.

Mwishowe nikaenda kwa shangazi, Mtongwe. Nilimkuta anasuka makuti, hakusimamisha mkono.

"Huyo ni mjomba wetu," akasema.

"Na huyu wa pili, shangazi?"

"Ndiye huyo huyo. Karani wa kwanza alimuuliza babake nani, akamtaja babake. Wa pili akamuuliza, wewe wa nani? Akamtaja mjombake. Kwani amesema uongo?"

Hakusema uongo. Kwa Wadigo wa zamani mtu alikuwa wa fuko la mamake, na mali ya mwanamume ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mwanawe wa kumzaa alikuwa na wajomba zake wa kuwarithi. Uislamu ulipokita mizizi, wana nao wakadai haki yao ya sharia, na kesi za mashamba baina ya wana na wapwa zikasumbua wazee, machifu na makadhi kwa miaka. Haya nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha hata darasani. Lakini nilipokalia daftari langu nilipanda kwa baba, kisha kwa babu, kama nijazaye fomu ya pasipoti.

Shangazi akaniteremshia mkondo wenyewe. Huduma ya feri ya Likoni huhesabiwa tangu mwaka 1937. Kabla ya hapo watu walivushwa kwa makasia, pamoja na nazi zao na mihogo na kuku, na mmoja wa wavushaji alikuwa mjomba wa huyu mjomba. Mpwa alijifunzia mashuani mwake, kisha akaingia kwenye matishari. Siku hizo meli zilitia nanga nje na shehena ikaletwa pwani kidogo kidogo. Gati za maji marefu zilipoanza kutumika Kilindini mwaka 1926, mwenye macho aliona kwamba kazi ya matishari itapungua. Feri ilipokuja, akahamia huko. Na baba, mtoto wa dadake, akaanza kumfuata kabla hajamaliza shule.

Alimfundisha nini? Mkono wa bahari pale hauzidi nusu kilomita kwa makisio, na asiyejua hudhani ni kazi ya dereva: wenda, warudi. Lakini Kilindini imeitwa hivyo kwa kina chake, na kila meli iendayo bandarini hukata njia ya feri. Feri husubiri; meli haisimami. Bamvua hupandisha na kushusha maji karibu mita 4, kwa hiyo mlango uliolala sawa asubuhi, mchana umekuwa mteremko wa kukwangua matumbo ya magari. Maji yakitoka kwa nguvu huwezi kuilenga gati unayoiendea. Unailenga sehemu ya juu yake, penye mawe, abiria wanaguna, na mkondo unakuteremsha mahali pako. Baba alisema mjombake alimziba macho kwa kitambaa na kumtaka aseme maji yanatoka au yanaingia, kwa kusikiliza tu mlio wa ubavu wa chombo. Sisi tulidhani ni hadithi ya kutuchekesha.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, baba alikuwa usukanini Likoni. Aliendelea kuvusha hadi zamu ikaisha. Nyumbani hakulizungumza jambo lile, wala sisi hatukumuuliza.

Mjomba alipofariki wanawe walichukua minazi, kisheria, na hakuna aliyeteta. Baba alipewa sanduku.

Nikamwambia shangazi kwamba basi sasa sanduku liko kwangu. Hapo ndipo aliposimamisha mkono.

"Mwanangu, wewe ni wa fuko la mamako. Hilo ni la huyu," akamwonyesha kidole kitinda mimba wake, aliyekuwa amelala barazani baada ya zamu ya usiku. Ni baharia wa feri, mwaka wa 6 sasa.

Nilimpelekea Jumamosi iliyofuata, na kipande ndani yake. Katika daftari nimeanza upya: mvushaji wa makasia juu, kisha mpwa, kisha baba, kisha kijana huyu. Jina langu haliko ukurasa huo.