Kurusha, Kushua, Kukweza: Safari ya Setilaiti hadi Mzingo Tuli

Mzingo tuli ni njia ya duara iliyo juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, ambamo setilaiti huizunguka dunia kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani muda ule ule ambao dunia hutumia kujizungusha mara moja kwenye mhimili wake. Kwa kuwa setilaiti na dunia huelekea mashariki na kukamilisha mzunguko kwa wakati mmoja, mtu aliye ardhini, lau angekuwa na jicho la kufika huko, angeiona setilaiti imesimama mahali pamoja usiku na mchana. Utuli huo, basi, ni wa mtazamaji na si wa chombo, kwani chombo chenyewe hukimbia takriban kilomita tatu kila sekunde.

Matokeo yake yanaonekana juu ya mapaa ya Kikoneni, katika Kaunti ya Kwale, ambako dishi la televisheni, au ungo kama linavyoitwa ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, hukazwa nati mara moja likaachwa. Kikoneni iko karibu na longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Baadhi ya setilaiti za DStv ziko kwenye nyuzi 68.5, kwa hiyo dishi linaloelekezwa huko hutazama matlai, upande wa bahari, ilhali la Azam, ambalo hupokea kutoka nyuzi 7, hutazama bara. Yakifungwa juu ya paa moja, madishi hayo hupeana mgongo.

Waandishi wengine husema obiti, wengine njiamzingo, na maneno yote mawili yanaeleweka, ingawa mzingo ni fupi na limezaliwa na kitenzi ambacho kila mtu anakijua. Ugumu uko kwenye kivumishi. Setilaiti inaweza kutimiza mzunguko wake sawasawa na dunia na bado isionekane imetulia, iwapo njia yake imeinama kando ya ikweta. Ndivyo ilivyokuwa Syncom 2 ya mwaka 1963, ambayo kwa mtazamaji ilipanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, tofauti na Syncom 3 ya mwaka 1964, iliyokuwa ya kwanza kutulia kweli. Njia ya namna ya kwanza ingefaa kuitwa mzingo andamizi, kutokana na kuandama, na jina la mzingo tuli likabaki kwa ile ya pili peke yake.

Kitenzi cha kuipeleka setilaiti huko kina matatizo makubwa zaidi. Magazeti mara nyingi huandika kwamba setilaiti imezinduliwa, neno linalofaa kitabu, kampeni au zahanati, lakini si chombo kinachoondoka ardhini kwa moto na kishindo. Kurusha ni bora, ila nalo hueleza kipande cha mwanzo tu. Mfano mzuri ni Intelsat 36, iliyotengenezwa kwa ajili ya matangazo ya DStv, ambayo ilirushwa tarehe 24 Agosti 2016 kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, kwa roketi ya Ariane 5, ikiwa pamoja na Intelsat 33e. Kourou imechaguliwa kwa sababu iko nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta na ina bahari wazi upande wa mashariki, hivyo roketi huongezewa mwendo wa bure na mzunguko wa dunia, karibu mita 460 kwa sekunde. Kikoneni, iliyo zaidi kidogo ya nyuzi 4 kusini, ingepata msukumo kama huo. Na Ngomeni, karibu na Malindi, iko karibu zaidi na ikweta, ingawa roketi za Scout zilizorushwa huko kati ya 1967 na 1988 zilikuwa ndogo na setilaiti zake nyingi zilibaki katika mizingo ya chini.

Kabla saa moja haijatimia tangu iondoke Kourou, Ariane 5 ilikuwa imekwisha kuziachia setilaiti zake katika mzingo wa mpito, njia ya duaradufu ambayo ncha yake ya chini huwa kilomita mia chache kutoka ardhini na ncha ya juu karibu na ule urefu wa 35,786. Hapo ndipo kitenzi cha mabaharia kinapohitajika. Jahazi linaposukumwa kutoka mchangani hadi majini, huko Msambweni au Shimoni, husemwa limeshuliwa, na hakuna nahodha anayedhani kwamba kushua ni kufika. Setilaiti iliyoshuliwa na roketi yake hubaki na injini yake yenyewe, ambayo huwashwa mara kadhaa kwenye ncha ya juu, mwendo ukaongezeka kutoka kilomita 1.6 hivi kwa sekunde hadi zaidi ya 3, mpaka duaradufu ikawa duara. Injini kuu ya Intelsat 33e ilipata hitilafu katika hatua hii, setilaiti ikalazimika kupanda polepole kwa injini ndogo, na kazi yake ikachelewa hadi mwanzoni mwa 2017. Mwenye kusema kwamba urushaji ulifaulu hakukosea. Safari ndiyo iliyokwama.

Baada ya kufika hakuna nanga. Mvutano wa mwezi na jua huiinamisha njia kidogo kidogo, na mafuta hutumika kuirekebisha kwa miaka 15 au zaidi. Kabla hayajakauka, setilaiti husukumwa kiasi cha kilomita 300 juu zaidi ili kuwaachia wengine nafasi. Kwa tendo hilo pwani ina neno tayari, kukweza, yaani kukipandisha chombo nchi kavu kisipotumika tena, na hapa maana yake ni ya kupanda kwelikweli. Intelsat 33e haikuwahi kukwezwa: ilivunjika vipande tarehe 19 Oktoba 2024, ikiwa bado kazini kwenye nyuzi 60 mashariki.