Diski Mango: Haisomi, au Haitambuliwi?

Kwa mafundi wengi, ugonjwa wa SSD una jina moja: haisomi. Mteja wa Bugarama ameiagiza Mwanza, imepanda basi hadi Ngara, imefungwa kwenye laptopu, na haisomi. Fundi naye anaijaribu, anatikisa kichwa: kweli, haisomi. Hadi hapo hakuna aliyesema kitu.

Kifaa chenyewe kwa Kiswahili sanifu kinafaa kuitwa diski mango. Mango, au yabisi, ni ile hali ya maada tuliyosoma darasani pamoja na kimiminika na gesi. Transista ilipovumbuliwa Marekani mwaka 1947, umeme ulianza kuongozwa ndani ya kitu kigumu badala ya kupita kwenye ombwe la vali za kioo, zile za redio za zamani. Umango wa diski hii unatoka huko, wala si sifa ya kutovunjika. Anayeiita "diski ngumu" anaichanganya na hard disk (HDD), yenye visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski mango haizungushi chochote. Data hukaa ndani ya chipu. Hata hilo neno diski imepewa kwa heshima tu.

Jina basi halina tabu. Tabu iko kwenye kitenzi. Kompyuta ikiwaka, BIOS, programu yake ya kwanza kuamka, huvitafuta vifaa vilivyounganishwa, na diski hujitaja jina na ukubwa wake. Huko ni kutambua. Kusoma kunafuata baadaye, na diski isiyotambuliwa haiwezi kusomwa.

BIOS isipoitambua, zima laptopu, tenganisha betri, ichomoe diski uirudishe vizuri. Futa vumbi kwenye meno yake. Kwa kawaida yamepakwa dhahabu juu ya nikeli. Ikigoma bado, shuku aina kabla ya kushuku ubovu. Nafasi ya M.2, inamochomekwa diski hizi, inaweza kuwa ya aina ya SATA, ya NVMe, au ya zote mbili. Diski ya SATA huweza kuingia kwenye nafasi ya NVMe pekee, skrubu ikakaza, na isitambuliwe kamwe. Ukiwa mbali na maduka, kosa hilo ni nauli ya pili, kwa hiyo soma maelezo ya laptopu yako kabla ya kulipa.

Pengine BIOS inaitambua, ila Windows wakati wa kusakinishwa inadai hakuna diski. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina mpangilio uitwao VMD, unaohitaji draiva yake iwekwe kwanza kwa flashi. Diski ni nzima kabisa. Na ikiwa Windows imeshawaka lakini diski mpya ya pili haionekani karibu na C, huenda haijagawanywa wala kufomatiwa.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, usimwambie haisomi. Mwambie BIOS inaitambua au haiitambui. Na kama ndani yake kuna kazi zako, usikubali ifomatiwe kabla swali hilo halijajibiwa.